Saa 12 za kujifunza, na mfuko wa nani?

Tangu Januari 2026, wahudumu wa tiba ya tabia nchini Marekani wana kanuni mpya. Hawa ndio wanaokaa na mtoto mwenye usonji (autism) saa kwa saa, sakafuni, mezani, hata mlangoni mwa choo, wakimfundisha kuomba maji, kuvaa soksi, kungoja zamu yake. Bodi inayowapa vyeti, Behavior Analyst Certification Board, imefuta upimaji wa ustadi waliokuwa wakiurudia kila mwaka ili kuhuisha cheti. Sasa cheti kitahuishwa kila baada ya miaka 2, na mhudumu atatakiwa awe amepata saa 12 za mafunzo ya kujiendeleza.

Naliona ni jambo jema. Cheti hiki cha RBT (Registered Behavior Technician) kilianza mwaka 2014, na miaka yote hiyo kilimtaka mhudumu athibitishe tu kwamba hajasahau alichofundishwa mwanzo. Ila kanuni hiyo haikusema saa 12 zitatoka kwenye muda wa kazi wenye malipo au kwenye Jumamosi ya mhudumu mwenyewe. Kwangu mimi, mjadala mzima wa kuwainua wafanyakazi hawa unaanzia hapo.

Tuanze na wanaotetea mlango wa kuingilia uendelee kuwa mwepesi. Ili upate cheti unahitaji umri wa miaka 18, cheti cha sekondari, mafunzo ya saa 40, upimaji wa ustadi, uchunguzi wa rekodi ya uhalifu na mtihani wa maswali 85. Zile saa 40 zinaweza kumalizika kwa siku 5. Watetezi wanasema haikuweza kuwa vinginevyo. Taasisi ya afya ya Marekani, CDC, ilikadiria mwaka 2025 kwamba mtoto 1 kati ya 31 wa umri wa miaka 8, katika maeneo inayoyafuatilia, ana usonji. Tangu 2019 majimbo yote 50 yana sheria zinazozitaka bima kugharamia tiba ya usonji. Mchambuzi wa tabia, yule mwenye shahada ya uzamili anayepanga tiba na kumsimamia mhudumu, hawezi kukaa saa 30 kwa wiki na kila mtoto. Ukiongeza masharti, foleni inarefuka, na mtoto wa miaka 3 anayesubiri mwaka mzima amepoteza theluthi ya umri wake.

Hoja hiyo ina uzito, na kwetu ina uzito wa ziada. Mkenya, Mtanzania au Mkongomani anayefika Texas au Minnesota na cheti cha sekondari huwa na milango michache, na wengi huanzia kwenye kutunza wazee. Huu ni mlango mwingine, wenye kazi ya heshima.

Watetezi hao hupenda pia kukumbusha kwamba utafiti ulioipa jina fani hii, wa mwanasaikolojia Ivar Lovaas wa chuo kikuu cha UCLA uliotoka 1987, uliwategemea wanafunzi wa chuo. Watoto 19 walipata takriban saa 40 za tiba kwa wiki, na 9 kati yao waliripotiwa kufikia kiwango cha wenzao shuleni. Ni kweli. Lakini wanafunzi wale walifundishwa na kusimamiwa kwa karibu mno. Tena utafiti uleule ulitumia adhabu, ikiwemo kumchapa mtoto pajani, jambo ambalo watu wazima wenye usonji hawajaacha kulilalamikia hadi leo, na wana haki. Aliyekuwa chumbani mtoto alipochapwa ni kijana wa ngazi ya chini kabisa. Kama hakuwa na ujasiri wa kusema “hapa tusimame”, ni nani mwingine angesema?

Ndiyo maana saa 40 hazinitoshi. Mtoto anayejigonga kichwa ukutani au kujing’ata mkono hafundishiki kwa video. Kanuni inataka asilimia 5 ya saa za mhudumu zisimamiwe. Kwa anayefanya saa 120 kwa mwezi, hizo ni saa 6. Zilizobaki 114 anaweza kuwa peke yake na mtoto. Na kiwango hicho kiliwekwa kiwe sakafu, lakini waajiri wengi wamekifanya dari.

Kwa nini? Fuata pesa. Bima hulipa kazi ya mhudumu kwa vipande vya dakika 15, chini ya namba ya kudai malipo, msimbo 97153, naye awe ana kwa ana na mtoto. Mtoto akiamka na homa, miadi imefutwa na mara nyingi ujira umefutwa nayo. Kusoma mpango mpya, kumuuliza msimamizi kwa nini mbinu ya jana ilishindwa, kukaa dakika kumi kutulia baada ya kupigwa ngumi usoni: hakuna hata kimoja kinachoingia kwenye msimbo ule.

Waajiri nao wana la kusema, na si haki kulipuuza. Baadhi ya bima hukataa kumlipia msimamizi na mhudumu wakiwa chumba kimoja kwa wakati mmoja, kana kwamba kufundishwa kazini ni kutoza mara mbili. Viwango vya Medicaid, bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo, katika baadhi ya majimbo ni vidogo. Bima nyingi pia hulipa kiasi kilekile kwa mhudumu wa miezi 2 na wa miaka 8, kwa hiyo mwajiri anayempandisha cheo mzoefu hutoa tofauti mfukoni mwake. Kliniki ndogo ya mama mmoja na wafanyakazi wanane nitaielewa ikisema haiwezi. Kampuni kubwa iliyonunuliwa na mfuko wa uwekezaji inayosema hivyohivyo, hiyo ifungue vitabu vyake kwanza.

Kuna ahadi moja inayopendwa kwenye matangazo ya kazi: njoo uanze na RBT, tutakusomesha hadi uwe mchambuzi wa tabia. Ngazi hiyo ipo kweli, na wapo walioipanda. Ila tuvitazame vipandio vyake. Inahitaji shahada ya uzamili na, kwa njia ya kawaida, saa 2,000 za mafunzo kwa vitendo, na angalau asilimia 60 ya saa hizo ziwe za kuchambua takwimu, kuandika mipango, kufundisha wengine. Maana yake kukaa na mtoto, kazi ambayo mhudumu analipwa kuifanya, kunaweza kumpa saa 800 tu. Zile 1,200 zitoke wapi, ikiwa bima haimlipii? Zitatoka usiku, au kwa mwajiri aliyekubali kuzigharamia. Mara nyingi msaada wa karo huja na sharti la kubaki miaka kadhaa, na aliyefungwa hivyo huogopa kulalamika.

Isitoshe, ngazi hiyo inamwondoa mtu kwa mtoto. Mhudumu anayejua kwa kumtazama tu mtoto kwamba kelele za feni ndizo zinazomchosha ana ujuzi ambao hautokani na darasa, na angepaswa kulipwa vizuri akiwa palepale. Cheo cha mhudumu mwandamizi, chenye nyongeza ya maana na kazi ya kuwalea wapya, kinanivutia kuliko karo ya wachache.

Kwa ndugu anayefikiria kusoma akiwa bado nyumbani, ajue kwamba tangu 2023 bodi haipokei waombaji wapya wanaoishi Kenya wala Tanzania.

Turudi kwenye saa 12. Ukizigawa kwa miezi 24 ni nusu saa kwa mwezi. Sioni mwajiri wa saa 120 kwa mwezi atakayeshindwa nusu saa, na akiikwepa hiyo, sitarajii aje agharamie zile 1,200. Kwa hiyo anayekwenda kwenye usaili wiki hii aulize mambo matatu kabla ya kusaini: miadi ikifutwa nalipwa nini, saa 12 zinalipwa na nani, na msimamizi huingia chumbani saa ngapi kwa mwezi. La tatu aliulize pia kwa wahudumu wenyewe, pale maegeshoni.