Mwadui: Hisa Tunazihesabu, Bei Tunaambiwa

Kila inapoandikwa historia ya almasi ya Mwadui, mkoani Shinyanga, habari huanza na karibu kuishia kwa John Thoburn Williamson, mwanajiolojia kutoka Kanada ambaye mwezi Machi 1940, baada ya miaka ya kuhangaika porini kwa fedha za kuungaunga, aliupata mwamba aliokuwa akiutafuta. Wapo wanaosimulia kwamba gari lake lilikwama kwenye tope karibu na mbuyu, akashuka na kuiona almasi. Ni simulizi tamu, nami sina haja ya kuigombea.

Mwamba wenyewe unastahili sifa zaidi ya gari. Ni kimbalaiti, yaani mwamba wa asili ya volkano unaobeba almasi, yenye eneo la takriban hekta 146, miongoni mwa kubwa kabisa zilizowahi kuchimbwa duniani, na kwa kuwa mmomonyoko haukuula sana, kokoto zenye almasi zilikutwa karibu na uso wa ardhi. Kazi ikawa kuzoa, kuosha na kuchekecha mchanga mwingi kwa ajili ya karati (kipimo cha uzito wa vito) chache. Oktoba 1947 lilitoka humo jiwe la waridi la karati 54.5, ambalo Williamson alimzawadia Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza alipoolewa. Lilipokatwa na kung'arishwa zilibaki karati 23.6.

Kwa maoni yangu, hata hivyo, kiini cha historia hii ni bei. Dhahabu ina bei inayotangazwa kwa wakia, na mtu yeyote anaweza kuisoma. Almasi ghafi hutathminiwa jiwe kwa jiwe, kwa rangi, umbo, usafi na ukubwa, hivyo mawe mawili ya uzito uleule yanaweza kupishana thamani mara nyingi. Williamson alilielewa hilo vizuri, ndiyo maana mwanzoni mwa miaka ya 1950 alithubutu kuzizuia almasi zake akivutana na De Beers, waliolishika soko la dunia.

Sisi tumebishana zaidi kuhusu hisa. Williamson alipofariki mwaka 1958, mgodi uligawanywa nusu kwa nusu kati ya De Beers na serikali ya Tanganyika, ukataifishwa miaka ya 1970, De Beers wakarudi mwaka 1994 wakiwa na asilimia 75, kisha hisa hizo zikaenda kwa kampuni ya Petra Diamonds. Asilimia ni muhimu, sikatai. Lakini asilimia ya thamani iliyopunguzwa ni hasara iliyoandikwa vizuri.

Mwaka 2017, almasi za Mwadui zilizuiwa katika uwanja wa ndege wa Dar es Salaam, serikali ikidai kuwa zilizotajwa kuwa na thamani ya takriban dola milioni 14.8 zilikuwa za takriban milioni 29.5. Kampuni ilikanusha, ikisema tathmini ya awali hufanywa na wathamini wa serikali wenyewe. Jibu hilo ndilo lililonishtua: kama ni kweli, basi tatizo lilikuwa mezani petu, mbele ya lenzi na mizani yetu. Ningependa kila shehena itathminiwe na makundi mawili yasiyojuana, na takwimu zote mbili, pamoja na bei ya mwisho ya mnada, zitangazwe hadharani, ili hata mnunuzi mdogo wa Maganzo, mji mdogo jirani na mgodi, azisome na kuzilinganisha.