Siku Bajaji Ilipoikopesha Porsche Umeme

Kaka yangu mkubwa ni baharia, na kama mabaharia wengi hupenda vitu ambavyo hana muda wa kuvitumia. Miaka kadhaa iliyopita aliagiza kutoka Japani Porsche Boxster ya mwaka 2008, gari jekundu la viti viwili lenye paa la turubai linalojikunja kwa umeme. Alilizungusha Dar es Salaam kwa wiki mbili, kisha akapanda meli na kuniachia ufunguo pamoja na agizo moja tu: kila Jumamosi niliwashe, nilitembeze japo nusu saa, halafu nilirudishe uani kwetu Magomeni. Agizo hilo nililitii kwa Jumamosi tatu. Ya nne nilikutana na tuta la mtaa wetu, tumbo la gari likakwaruza juu yake kwa sauti iliyonifanya nijishike tumbo langu mwenyewe, nami nikakata shauri kwamba gari lile liliumbwa kwa ajili ya kutazamwa.

Kutazamwa ndiko kulikoniponza. Paa la gari hilo hujifungua kwa takriban sekunde 12, na watoto wa mtaa walipogundua jambo hilo hawakuwa na habari tena na katuni. Kila jioni walinisubiri nitoke kazini wakiimba, "Anko, fungua kichwa!" Nami, mtu mzima mwenye kazi ya uhasibu na kitambulisho cha mpigakura, niliketi kwenye kiti cha dereva, nikazungusha ufunguo bila kuwasha injini, nikafungua redio, nikafunua paa, nikalifunika, nikalifunua tena. Mota za paa lile zinakula umeme kwelikweli, na altaneta, ile inayoichaji betri, haiwezi kurudisha kitu ikiwa injini imelala. Nilikuwa nachota kwenye mtungi usiojazwa, mbele ya mashahidi wasiopungua 15.

Jumamosi moja ya mwezi wa nne, wingu la masika likiwa limeinamia Magomeni nzima, paa lilianza kujifunga, likafika nusu, likasimama. Lilibaki limeinuka hewani kama kuku aliyenyanyua bawa akasahau alitaka kufanya nini. Redio ilikata. Nilizungusha ufunguo, nikasikia tiki moja hafifu, kisha kimya. Watoto walipiga makofi wakidhani ni sehemu ya onyesho.

Nilimwita fundi umeme wa mtaani, mtu mwenye mikono ya dhahabu ambaye maisha yake yote ameshika Noah na Carina. Aliomba nifungue boneti. Nilibonyeza swichi ya mbele, hakuna kitu. Nikabonyeza ya nyuma, vilevile. Fundi akaona asisumbuke na vifuniko, akaingia chini ya gari na tochi, akakaa humo muda mrefu, akatoka na mchanga mgongoni na sura ya mtu anayetaka kukuambia jambo zito nyumbani kwako.

"Bosi, mimi sitaki kukuficha. Hili gari ni mabuti mawili tu."

Nilimweleza ninavyojua, kwamba injini ipo, silinda sita, imelazwa katikati nyuma ya viti. Kwamba mbele ni buti, na nyuma ni buti. Na kwamba betri imo ndani ya buti la mbele, karibu na kioo kikubwa, chini ya kifuniko cha plastiki. Buti hilo hufunguliwa kwa kitasa cha umeme. Umeme wa kitasa hutoka kwenye betri. Fundi alinitazama, akalitazama buti, akanitazama tena. "Yaani," akasema polepole, "ufunguo wa kabati umefungiwa kabatini."

Kitabu cha gari kilikuwemo kwenye droo ya dashibodi, kimeandikwa Kijapani kuanzia jalada hadi jalada. Sijui hata herufi moja ya Kijapani, lakini Mungu akubariki, ewe mchoraji wa picha zile, popote ulipo. Ilionekana wazi jinsi mkono unavyofungua sanduku la fyuzi pembeni mwa mahali pa miguu, ukavuta nje kijipini kimoja, ukabana hapo waya wa chanya kutoka kwenye betri ya gari jingine, na waya wa hasi ukabanwa kwenye kile kichuma cha fremu ambacho mlango hujishikiza ukifungwa. Waliolibuni gari walijua kwamba siku moja atatokea mtu kama mimi. Njia hiyo haitoshi kuwasha injini, lakini kitasa chenyewe kinahitaji umeme kidogo tu, ilimradi uwe wa volti 12.

Gari jingine ndilo lililokosekana. Jirani mwenye Noah alikuwa msibani Kibaha, na aliyebaki mtaani ni kijana wa bajaji, aliyekuwa ameegesha chini ya mwarobaini akitafuna mhogo wa kuchoma. Nilimweleza shida yangu. Alitafuna, akameza, akauliza kwa adabu zote, "Sasa braza, nikiiboosti Porsche, nalipwa bei ya bajaji au bei ya Porsche?" Tulielewana kwa shilingi elfu tano.

Betri ya bajaji ilitolewa, ikawekwa chini kando ya mlango mwekundu unaong'aa, na udogo wake ulikuwa wa kutia huruma. Fundi akashikiza nyaya. Papo hapo gari likaamka, na kwa kuwa liliamka likiona milango wazi na watu wasiolihusu, likadhani linaibiwa, likapiga king'ora kilichowatoa watu msalani. Nilibonyeza rimoti kwa vidole vinavyotetemeka hadi likanyamaza, kisha nikabonyeza kitufe cha buti. Tak! Kifuniko kikanyanyuka. Watoto walishangilia, na kijana wa bajaji akapiga picha ya ushahidi.

Hapo ndipo nilipopaswa kutulia. Fundi alifungua hasi kwanza, kisha chanya, kwa spana namba 10, halafu akahangaika na bolti ya kibano iliyojificha chini kabisa, mahali ambapo mkono unafika lakini jicho halifiki. Betri ikatoka, uzito wake karibu kilo 20. Mita ilisoma volti 6 na kitu, wakati betri nzima iliyopumzika husoma 12.6 hivi. Fundi akasema hii si ya kuchaji tena, imeshaota ganda ndani. Wakati huohuo akapita mnunuzi wa skrepa na mkokoteni wake akinadi, "Betri mbovu, chuma chakavu!" Niliona ni riziki iliyonifuata mlangoni. Nikamuuzia kwa elfu kumi na tano, nikajiona nimeanza kurudisha gharama, na sikuona kwamba nimeuza kipimo changu.

Nilikwenda kwenye maduka ya vipuri ya mtaa wa Gerezani na bajaji ileile. Kichwani nilibeba namba mbili tu nilizosoma kwenye lebo: volti 12, ampea-saa 80. Muuzaji wa duka la kwanza alinisikiliza kama daktari anavyomsikiliza mgonjwa aliyejipima mwenyewe, akanitolea betri ya aina ya N70 na kuniambia, "Hii inawasha mpaka Fuso." Nililipa. Ni betri nzuri, siisingizii, lakini umbo lake ni la Kijapani, nalo gari la kaka, ijapokuwa lilitoka Japani, limezaliwa Ulaya.

Tulipoishusha mahali pake, aibu zilijitokeza moja baada ya nyingine. Betri za Kijapani za aina hiyo hukabwa kwa chuma kinachopita juu, ilhali kibano cha gari hili hushika ukingo uliochomoza chini ya betri, nayo N70 chini ni laini kama sabuni. Kimo chake ni sentimita 22 na nusu hivi, na nafasi ilitengenezwa kwa betri ya sentimita 19, kwa hiyo kifuniko cha plastiki kilikataa kukaa. Kituo cha chanya nacho kilikuwa upande wa pili, na waya wake haukufika. Nikapendekeza tuigeuze betri. Fundi akaigeuza; waya ukafika, lakini kituo kikawa kimeelekea moja kwa moja kwenye chuma cha mwili wa gari. "Tukifunga hivi," akasema, "hatutahitaji paa, tutaota moto."

Niliweka simu yangu ndani ya nafasi ya betri, tochi ikiwa inawaka, ili fundi apime urefu na upana kwa futi. Tukaandika vipimo kwenye boksi la sigara. Nikabeba N70, nikapanda bajaji, nikaondoka. Simu ilibaki humo ikimulika.

Mambo yaliyotokea nilipokuwa Gerezani nimeyapata kwa masimulizi ya Shangazi, na naomba ieleweke kwamba alifanya yote kwa upendo. Fundi alikuwa amekwenda kuswali. Manyunyu yakaanza. Shangazi akatoka na sinia la chai, akaona gari la mtoto wa kaka yake limeachwa wazi mbele na wazi juu, akasema, "Hawa wanaume!" Akavua khanga yake ya juu, akaifunga vizuri juu ya lile paa lililokwama ili viti visilowe. Kisha akaenda mbele, akakishika kifuniko cha buti kwa mikono miwili, na akakibamiza kwa nguvu za mwanamke aliyetwanga kisamvu miaka 60.

Nilirudi na betri sahihi, ile ya umbo la Ulaya wanayoiita DIN, fupi, yenye ukingo chini na chanya upande unaostahili, baada ya kubishana na muuzaji na kuongeza laki moja kasoro. Nilikuta buti limefungwa, na ndani yake hamna betri kabisa.

"Nimelifunika," akasema Shangazi kwa fahari. "Lakini gari lenu linaimba."

Tuliinamisha masikio. Ni kweli lilikuwa linaimba. Ni mlio wa simu yangu, na kwa wimbo ule nilijua anayepiga ni kaka.

Kijana wa bajaji hakusubiri aitwe. Alishaanza kuitoa betri yake, na bei, akasema bila kunitazama usoni, sasa ni elfu kumi kwa kuwa kazi imekuwa ya kitaalamu. Pini, waya, kichuma cha mlango, king'ora, rimoti, tak. Simu ilikuwa na miito saba isiyopokewa na chaji ya asilimia nne.

Betri mpya ilikaa mahali pake kama mbata kwenye kifuu, nami nikadhani tumemaliza. Fundi akaniuliza, "Kale kampira kako wapi?" Betri ikichaji hutoa gesi ya hidrojeni, na kwa kuwa hii hukaa ndani ya buti lililofungwa, kuna mpira mwembamba wa kuipeleka gesi nje, unaoshikizwa kwenye tundu la ubavuni mwa betri kwa kijikono kidogo cha plastiki chenye kona. Mpira ulikuwepo. Kijikono kiliondoka kimechomekwa kwenye betri ya zamani, na betri ya zamani ilikuwa juu ya mkokoteni.

Nilimkuta yule mnunuzi Magomeni Mikumi, kwenye mizani, betri yangu ikiwa imeshapimwa. Nilimwomba aniruhusu kuchomoa kiplastiki kisichofikia hata ukubwa wa njugu. Aliniangalia mimi, jasho langu na magoti yangu yenye matope, akatambua papo hapo kwamba kitu hicho kina thamani kubwa. Kilinigharimu elfu tano. Faida yangu ya skrepa ikashuka hadi elfu kumi, na bajaji peke yake, ukiacha nauli, ilishakula elfu kumi na tano.

Fundi akafunga kibano, akachomeka kijikono na mpira wake, akashika chanya kwanza na hasi mwisho. Kacheche kamoja kakaruka, basi. Nilipozungusha ufunguo, ile sauti ya mwanamke wa Kijapani, ambayo kila aliyepanda gari la kuagiza anaifahamu, ilitoka kwenye dashibodi ikieleza jambo refu kwa upole mwingi.

"Waalaikum salaam," akajibu Shangazi. "Karibu, mwanangu."

Injini ikawaka. Kwa furaha nikabonyeza swichi ya paa, na paa likamaliza safari liliyoianza mchana, likashuka taratibu, likajibana kwenye fremu ya kioo cha mbele, pamoja na khanga ya Shangazi ambayo hakuna aliyeikumbuka. Pindo moja lilimezwa juu, nusu nyingine ikaning'inia mbele ya kioo, maandishi yake yakisomeka vizuri kwa yeyote aliyesimama uani: USISAFIRIE NYOTA YA MWENZIO. Wakati huo kaka akapiga tena, safari hii kwa video, nami kwa mazoea nikapokea kabla ya kufikiri.

Alikaa kimya kidogo, akisoma.

"Mbona gari limevaa khanga?"

Nilikuwa bado natafuta la kusema, Shangazi akaichukua simu mkononi mwangu. "Salama, baba? Mwambie mdogo wako alifungue hilo paa polepole," akasema, "maana hiyo ni ya doti, na mwenzake yuko kabatini anamsubiri."