Kurasa Zinazochanwa na Kurasa Zinazobaki

Saluni ya shangazi yangu pale Bombo, Uganda, ina mashine moja ya kukaushia nywele, benchi la mbao, na rundo la majarida ya wanawake lililokaa chini ya meza tangu nilipokuwa sekondari. Yamo matoleo ya African Woman, jarida la mbunifu wa mitindo Sylvia Owori wa Kampala. Yamo ya Bride & Groom ya Vision Group, yamo True Love na Parents yaliyopanda basi kutoka Nairobi, na zimo kurasa za Full Woman zilizochomolewa ndani ya gazeti la Monitor la Jumamosi. Hakuna hata moja lililo zima.

Ukitaka kujua wanawake wanapenda nini na wanaudhiwa na nini katika majarida haya, usiwaulize. Watakujibu kwa adabu tu. Angalia kilichochanwa. Kurasa za mishono ya vitenge zimekwisha, zimekatwa kwa mkasi wa saluni. Kurasa za harusi zimelegea kwa kupita mikononi. Ukurasa wa mapishi una alama ya mafuta. Lakini tangazo la manukato ya Ufaransa bado linang'aa kama siku lilipotoka kiwandani, na makala ya jinsi ya kuvaa ofisini wakati wa baridi haijakunjwa hata pembe. Baridi gani hiyo, Bombo?

Nimelitazama rundo hilo kwa miaka, na nimefikia maoni ambayo wenzangu kadhaa hawakubaliani nayo. Wao husema jarida la mitindo linachukiwa kwa sababu linauza ndoto. Mimi nasema ndoto msomaji anaitaka, tena anailipia. Kinachomuudhi ni kupewa ushauri na mtu aliyelipwa na mwenye duka bila kuambiwa kwamba amelipwa.

Nianze na mapenzi, maana yapo na ni makubwa. Hapa kwetu jarida la mitindo ni chombo cha kazi. Mwanamke hanunui gauni lililo kwenye picha. Anakata picha, anakwenda Kikuubo, mtaa wa maduka wa Kampala, kutafuta kitambaa, au anapita soko la Owino kwenye mitumba, ambayo sisi tunaiita mivumba, kutafuta gauni la kufumuliwa na kushonwa upya. Kisha anampelekea fundi. Fundi anaitazama picha, anamtazama mwenye mwili, na hapo mazungumzo yanaanza: mkono upunguzwe, shingo ipandishwe kidogo kwa sababu ya mama mkwe, kiuno kiachwe na nafasi ya kula. Picha moja inaweza kuzaa magauni ishirini yasiyofanana. Mbunifu aliyebuni la kwanza hapati hata shilingi, na wabunifu wetu wana haki ya kulalamika. Kwa msomaji, hata hivyo, hiyo ndiyo thamani ya jarida lote.

Na mitindo yetu imezoea kuzaliwa hivyo. Gomesi lenyewe, vazi la heshima la mwanamke wa Buganda na Busoga, lina jina linalosimuliwa kuwa limetoka kwa fundi Mgoa, yaani mtu wa Goa kule India, aitwaye Gomes, aliyehusika na nguo za wasichana wa shule ya Gayaza mwanzoni mwa karne ya 20. Mabega yaliyochongoka, shingo ya mraba, vifungo viwili upande wa kushoto, mshipi chini ya kiuno: umbo limebaki, lakini kitambaa, marembo na ukubwa wa mabega hubadilika, na kwa miaka mingi mwanamke wa mji mdogo aliyajua mabadiliko hayo kwenye kurasa za jarida. Bibi yangu Mnubi, aliyeishi na gurbaba zake, mavazi ya Kinubi, hadi mwisho, alikuwa akiomba tumfungulie ukurasa wa magomesi. Kusoma hakujua. Alitaka kuona rangi.

Harusi ni jambo la pili. Bride & Groom linapendwa kwa sababu waliomo ndani ni watu. Unafungua unamkuta binti aliyesoma na dada yako, amekaa kwenye kwanjula, sherehe ya kumtambulisha mchumba nyumbani kwa binti, na gomesi la tatu la siku hiyo, na bwana harusi ana jasho kama bwana harusi yeyote. Hakuna mwanamitindo wa London anayeweza kushindana na hilo. Lakini nendeni mkahudhurie mkutano wa harusi, ile mikutano ya kamati ambapo marafiki huahidi michango, mkaone ukurasa huohuo unavyofanya kazi nyingine. Bibi harusi anaweka jarida mezani, anaonyesha maua yaliyoning'inia darini, na mweka hazina anavua miwani. Nimekaa kwenye kamati ya namna hiyo. Jarida lilionyesha ukumbi, keki na msafara wa magari. Halikuonyesha kwamba mwaka mmoja baadaye mtu anaweza kuwa bado analipa deni la mahema. Wanaolilaumu kwa kupandisha gharama wana hoja, ingawa mashindano ya harusi yalikuwepo kabla ya jarida lolote kuchapishwa.

Kuna pia wanaopenda simulizi za maisha: mjane aliyejenga, mama aliyerudi chuo akiwa na wajukuu. Parents, ambalo Eunice Mathu alilianzisha Nairobi mwaka 1986, lilijijengea jina kwa hadithi za nyumba za watu wa kawaida. Kwenye saluni yetu ndilo lililosomwa kwa sauti, na wasiojua Kiingereza walitafsiriwa papo hapo kwa Kiswahili au Kinubi, pamoja na maoni ya mtafsiri.

Sasa njoo kwenye ushauri, ambako ndiko ugomvi wangu uliko.

Katika Buganda, ssenga ni dada wa baba, yule anayemfundisha binti mambo ya unyumba na mwenendo. Waswahili wa pwani wanaye kungwi, kazi yao inakaribiana. Redio za FM na magazeti ya Kiganda yamemchukua ssenga yakampa kipindi na safu. Majarida ya Kiingereza yalimvisha koti la ofisini yakamwita mshauri wa urembo. Ssenga wa nyumbani naye hapewi maneno matupu; siku ya kwanjula ana zawadi yake, na ukoo mzima unaiona ikikabidhiwa. Ssenga wa jarida analipwa na kampuni ya krimu, na hakuna anayeona bahasha. Anakwambia ngozi yako "imechoka", na ukigeuza ukurasa unakutana na dawa ya uchovu huo, pamoja na jina la duka.

Si tabia ya Kampala peke yake. Jarida la Ms. la Marekani liliacha matangazo ya biashara mwaka 1990, na mmoja wa waanzilishi wake, Gloria Steinem, akaeleza kwa nini: kampuni za chakula zilitaka tangazo lao likae karibu na mapishi, na za vipodozi zilitaka makala za urembo za kulisindikiza tangazo. Vogue ya Marekani ya Septemba 2007 ilikuwa na kurasa 840, na zaidi ya 700 kati yake zilikuwa matangazo. Msomaji alikuwa amenunua katalogi yenye makala chache katikati.

Wahariri wana jibu, na ni jibu zito. Karatasi ya kung'aa inaagizwa nje, wachapaji wanadai fedha mkononi, na soko la majarida ya Kiingereza katika nchi yetu ni dogo. Bila matangazo, bei ingemtoa hata yule anayeweza kununua leo, na tayari wengi hawawezi. Ndiyo maana jarida moja linasomwa na saluni nzima. Nakubali kila neno. Ila hakuna hata sababu moja kati ya hizo inayozuia kuandika juu ya ukurasa, kwa herufi zinazosomeka, kwamba hili ni tangazo. Gharama ya neno hilo ni wino kidogo tu.

Naling'ang'ania jambo hili kwa sababu ya ngozi. Shirika la Viwango la Uganda, UNBS, limepiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni, na bado krimu za kujichubua zinapatikana sokoni. Shangazi amewahi kumpokea mteja mwenye mashavu yaliyoungua, aliyetaka nywele zisukwe zishuke mbele kufunika. Sitadai kwamba jarida lilimuunguza. Lakini miaka nenda rudi kurasa zile zimetuonyesha weupe kama maendeleo, na hakuna aliyepokea ushauri huo akidhani anasoma biashara.

Katika hili kuna kejeli ya historia. Binti wa mfalme wa Toro, magharibi mwa Uganda, Elizabeth Bagaaya, mwanasheria aliyekuja kuwa waziri wa mambo ya nje mwaka 1974, alionekana kwenye kurasa za Vogue na Harper's Bazaar tangu miaka ya 1960 na ngozi yake ileile aliyozaliwa nayo. Aamito Lagum wa kwetu alishinda Africa's Next Top Model, na mwaka 2016 picha ya midomo yake kwenye Instagram ya kampuni ya vipodozi ya MAC ilivuta matusi ya kibaguzi kutoka pande nyingi. Dunia ya mitindo ilimtaka, watazamaji wake wakamtukana. Ndiyo maana msomaji wa hapa akimkuta msichana mweusi tii kwenye jalada, hupiga kelele ya furaha kabla hajaangalia nguo.

Kuhusu wembamba, malalamiko yetu yamechukua njia yake. Marekani, mwaka 2012, msichana wa miaka 14 wa Maine alikusanya sahihi zaidi ya 80,000 akiomba jarida la Seventeen liache kuhariri miili ya wasichana pichani, na jarida likaahidi kutobadilisha maumbo wala nyuso. Ufaransa tangu Oktoba 2017 inataka tangazo lenye picha ya mwanamitindo aliyepunguzwa au kuongezwa mwili kwa kompyuta liseme hivyo. Kwenye benchi letu nilisikia kinyume: "Huyu wamemnyima chakula?" Mwanamke mwembamba wa jaridani hakuwatia wivu, aliwatia huruma. Miaka ya karibuni ndipo picha imegeuka, na sasa mwili unaohaririwa ni wa makalio makubwa na kiuno cha nyigu. Hapo huruma imekwisha na maswali ya wapi vidonge vinauzwa yameanza.

Suala la heshima ndilo hupigiwa kelele zaidi na wasiosoma majarida haya. Wanaume, hasa, na wazee wa dini. Hoja yao kwamba kuna kurasa usizoweza kumwachia mtoto sebuleni siidharau. Hata shangazi ana matoleo anayoyaweka kabatini. Lakini tumeona hoja hiyo inaishia wapi. Amin alipiga marufuku sketi fupi mwaka 1972. Februari 2014 Rais Museveni alitia sahihi sheria dhidi ya ponografia. Sketi haikutajwa ndani yake, lakini mitaani ilibatizwa sheria ya sketi fupi, na wanawake wakashambuliwa na kuvuliwa nguo hadharani na vijana waliojifanya askari wa maadili. Mahakama ya Katiba ilivitangua vifungu vyake vikuu Agosti 2021. Katika miezi ile ya 2014, gauni la kwenye jalada lilikuwa vazi ambalo mwenye jarida mkononi asingethubutu kupita nalo stendi ya teksi. Wapo waliolichukia jarida kwa hilo, kwamba linaonyesha maisha ya watu wenye gari na geti. Wengine, mimi nikiwemo, tulilipenda zaidi.

Sasa simu imechukua nafasi kubwa. Hata kodi ya shilingi 200 kwa siku iliyowekwa kwenye mitandao ya kijamii Julai 2018 haikuwarudisha watu kwenye karatasi. Mishono inatumwa kwa WhatsApp, na ssenga mwenye bahasha amehamia TikTok, ambako ana nambari ya kuagizia mzigo kwa boda boda. Jarida la karatasi angalau lilikuwa na mhariri wa kulalamikiwa.

Jumamosi iliyopita nilikuwa kwa fundi wetu, milango miwili kutoka saluni. Alikuja msichana na mshono kwenye simu. Fundi aliomba aikuze picha, akaikuza. Akaomba aone mgongo wa gauni, haukuwepo. Kisha betri ikaisha. Fundi hakusema kitu. Alifungua droo ya cherehani, akatoa kurasa zilizokunjwa, akapekua hadi akapata moja ambayo nina hakika ilitoka chini ya meza ya shangazi. Gauni lilikuwa karibu lilelile. Nyuma ya ukurasa kulikuwa na nusu ya tangazo la krimu, mkasi umepita katikati ya uso wa yule dada. Fundi aliulaza ukurasa juu ya meza, gauni likiangalia juu, akachukua tepu. "Mikono," akauliza, "mirefu au mifupi?"