Utumbo uliojimeza: kupasua Tabora au kufuata picha Mwanza?

Mtu mzima akisema tumbo linamkata na kuachia wiki ya tatu sasa, Tabora ataambiwa ni vidonda vya tumbo, au chango, au ngiri. Nani atawaza kwamba utumbo umejimeza, kipande kimoja kimezama ndani ya kinachofuata kama mkono wa shati lililovuliwa kwa pupa? Ugonjwa huu ni wa watoto zaidi. Watu wazima ni kama 5 katika kila wagonjwa 100, na wengi wao hawaonyeshi damu kwenye choo wala uvimbe unaoshikika.

Ubishi unaanzia kwenye kipimo cha CT, yaani picha za eksirei ambazo kompyuta huziunganisha kuonyesha ndani ya mwili. Hakuna kinachoonyesha vizuri kama hicho: duara ndani ya duara, na pengine chanzo chenyewe. Kwa mtu mzima chanzo huwapo mara nyingi: polipu (kinyama kinachoota ndani ya utumbo), uvimbe wa mafuta, kovu la upasuaji wa zamani, au saratani, hasa kwenye utumbo mpana. Tena CT huepusha kupasua bure, maana utumbo mwembamba unaweza kujimeza kidogo, usizibe, kisha ukajiachia wenyewe.

Sasa mchukue mgonjwa aliyetoka Kaliua. Amefika Tabora mjini tumbo limejaa, anatapika nyongo, hapitishi hata hewa. Ikiwa CT haipatikani hapo, ni kumpakia tena garini, Nzega, Shinyanga, hadi hospitali ya Bugando, Mwanza, ili tu apigwe picha? Utumbo uliokosa damu huoza kwa saa chache. Ultrasaundi yaweza kuliona duara lile lile, ijapokuwa gesi huificha. Naegemea huku: tumbo gumu lipasuliwe lilipo, maadamu daktari wa upasuaji na mtaalamu wa usingizi wapo. Tumbo tulivu lisafiri.

Kwenye meza ya upasuaji nako madaktari hawakubaliani: utumbo usukumwe utoke kwanza, au ukatwe ulivyo? Kuusukuma huokoa urefu wake. Lakini ukiwa na saratani, huenda seli zikatawanyika. Ukiwa umeoza, unatobokea mkononi. Kwa utumbo mpana sioni sababu ya kubahatisha, ukatwe. Mwembamba wenye rangi nzuri unastahili kujaribiwa. Ile hewa inayopulizwa kupitia njia ya haja kubwa, ambayo huwaponya watoto wengi, kwa mtu mzima huacha chanzo palepale.

Kipande kilichokatwa kiende patholojia, maabara inayochunguza nyama za mwili kwa hadubini, hata kama ni Mwanza. Chupa ya fomalini, dawa ya kukihifadhi, haitapiki nyongo njiani.