Durkheim hakufika Seme, ila matanga yetu aliyajua

Wanafunzi wa sosholojia hapa Kisumu huuliza jambo moja kila mwaka: ya nini kuumaliza muhula kwa Comte, Marx, Durkheim na Weber, wazee wanne wa Ulaya wanaohesabiwa waasisi wa taaluma hii ya kuichunguza jamii, ambao hata mmoja hakukanyaga Nyanza? Swali ni la haki. Mwaka 1968 Ngũgĩ wa Thiong'o, Owuor Anyumba na Taban lo Liyong waliuliza kama hilo kuhusu Idara ya Kiingereza pale Nairobi, na mafunzo ya fasihi yakabadilika. Tena Ibn Khaldun wa Tunis alishaandika juu ya mshikamano wa watu na kuanguka kwa falme mwaka 1377, karne nne na nusu kabla Comte hajaipa taaluma hii jina.

Comte mchukueni. Durkheim niachieni.

Mwaka 1912 Mfaransa huyu aliandika kwamba maombolezo si uchungu wa mtu unaojibubujikia wenyewe, ni wajibu anaowekewa na kundi lake. Wengi wakisoma hapo hudhani katuita wanafiki. Basi twende matangani Seme, hapa Kisumu. Shangazi anashuka kwenye bodaboda, lesso kiunoni, anaingia bomani mbio akilia hadi majirani wa ng'ambo wanasikia. Anamwita marehemu kwa jina la utani, anauzunguka mlango, analia tena. Halafu kimya. Anajipangusa: "Maji yameletwa? Sufuria kubwa iko kwa nani?"

Durkheim aliliona hilohilo katika taarifa za wenyeji wa asili wa Australia: mwombolezaji akisemeshwa habari nyingine, uso hubadilika papo hapo. Hakusema machozi ni ya uongo. Alisema kundi lililopungukiwa na mtu hujirudishia nguvu kwa kukusanyika na kulia pamoja, ndiyo maana asiyelia hutazamwa vibaya. Daftari la michango nalo lasomwa kwa sauti, fulani mia mbili, fulani elfu moja, na aliyetuma kwa simu kutoka Nairobi bila kufika anatajwa pia, lakini wazee wanaangaliana. Pesa yake imefika. Yeye je? Mia mbili ya aliyekaa usiku kucha kwenye baridi ina uzito ambao elfu yake haina.

Lawama zipo. Australia yenyewe Durkheim hakwenda, alitegemea maandishi ya watafiti kama Spencer na Gillen, na watu wale akawaita wa kale, wa mwanzo, kana kwamba sisi wengine tumeshawapita. Marx naye angeuliza ng'ombe kalipiwa na nani, swali ambalo familia nyingi hulijibu kwa madeni baada ya hema kung'olewa. Hapo Durkheim hana la kutusaidia.

Mimi ningeanza muhula na Ibn Khaldun. Ikifika zamu ya Durkheim, wanafunzi wafunge vitabu waende matangani, na wasikae viti vya mbele na wageni. Wakae jikoni, wamenye viazi na akina shangazi.