Kadri si mzigo, tuusome mkataba wake vizuri

Kiangazi cha 2025 jina la Nazem Kadri, mchezaji wa hoki ya barafu aliyekuwa na timu ya Calgary Flames ya Kanada, lilirudi kwenye uvumi wa uhamisho, na hoja ilikuwa ileile: jamaa ana miaka 34, mkataba wake unakwenda hadi 2029, basi Flames wamuuze upesi kabla miguu haijachoka. Niliisikia tena kwenye mkahawa tunamokutana sisi Waswahili wa kaskazini-mashariki mwa Calgary. Kijana mmoja wa Bukavu, shabiki kwelikweli wa hoki, akasema dola milioni 7 kwa mwaka kwa mtu wa umri ule ni pesa za kumwaga. Mzee wetu wa Mombasa akamuuliza, "Mwanangu, umemtazama akicheza, au umesoma tarehe yake ya kuzaliwa tu?" Kijana hakujibu. Nami nikaondoka pale maneno yale bado yananichemka, ndiyo maana naandika.

Tuanze na pesa, maana ndizo zinazopigiwa kelele. Kadri alisaini Agosti 2022: miaka saba, dola milioni 49, yaani milioni 7 kila msimu katika hesabu za timu. Wakati ule ukomo wa mishahara ya timu nzima katika NHL, ligi kuu ya hoki ya Amerika Kaskazini, ulikuwa milioni 82.5, kwa hiyo peke yake alichukua karibu asilimia 8.5 ya mfuko. Msimu wa 2025-26 ukomo ulipanda hadi milioni 95.5, na ligi ilikuwa imeshatangaza kwamba inalenga milioni 104 msimu wa 2026-27, halafu 113.5. Milioni 7 yake haisogei hata senti. Fungu lake linashuka hadi asilimia 7.3, kisha 6.7, kisha kama 6.2. Ni sawa na mtu aliyeandikiana kodi ya miaka saba na mwenye nyumba, halafu mtaa mzima ukapandishiwa, yeye akabaki analipa ileile. Anayesema mkataba huu unazidi kuwa mzito ameutazama umri wa mchezaji akasahau kuutazama mfuko.

Na huyo mwenye umri amefanya nini? Msimu wa kwanza Calgary, pointi 56 (yaani mabao yake na pasi zake za mabao zikijumlishwa). Wa pili 75. Wa tatu, 2024-25, mabao 35, mengi kuliko alivyowahi kufunga katika msimu wowote wa maisha yake, katika timu iliyohangaika kweli kufunga. Misimu yote mitatu alicheza mechi zote 82. Zote! Jonathan Huberdeau, ambaye Calgary ilimpa mkataba wa milioni 10.5 kwa mwaka mwezi uleule wa Agosti, ana pointi 55, 52 na 62 katika misimu hiyohiyo. Simchukii Huberdeau, na msimu wa 2024-25 alipambana sana. Lakini ukitafuta mkataba wa kukukosesha usingizi katika timu hii, si wa Kadri.

Takwimu zenyewe bado hazimwelezi. Mtazame anapopokea kisahani, kile kinachopigwa kwa fimbo badala ya mpira, pembeni karibu na ukuta unaozunguka uwanja. Anampa beki mgongo, anaikaza ile fimbo yake, na anangoja. Wenzake wengi wangeshatupa pasi ya woga. Yeye anaongeza nusu sekunde, beki wa pili anavutwa kumfuata, ndipo pasi inapotoka kwenda kwa mtu aliyebaki peke yake. Kipaji hicho hakitegemei mbio. Mbele ya lango, pale wanapopigwa fimbo za mgongoni, ndipo anapokwenda kusimama kwa hiari yake. Mchezaji anayeishi kwa kasi akifika miaka 34 unapaswa kuogopa. Anayeishi kwa mikono, macho na ukaidi ana muda zaidi.

Ukaidi huo tumeuona. Juni 22, 2022, fainali ya Kombe la Stanley, kombe la ubingwa wa NHL, mechi ya nne, Colorado, timu yake ya wakati ule, na Tampa Bay zimefika dakika za nyongeza. Kadri amerudi uwanjani na kidole gumba kilichofanyiwa upasuaji mwezi huohuo. Anapiga, kisahani kinanasa juu ndani ya wavu, na kwa muda watu wanakitafuta kwa macho hawakioni. Lilikuwa bao la ushindi.

Jambo lingine ambalo mahesabu ya mikataba hayaliandiki: Novemba 2023 wachezaji vijana Connor Zary na Martin Pospisil walipandishwa kutoka timu ya chini wakapangwa pembeni yake. Vijana wale walicheza bila hofu kwa sababu katikati yao alikuwepo mtu wa kuubeba mzigo mgumu. Timu inayojijenga upya inamhitaji mtu wa aina hiyo.

Haya, yapo ya kukubali. Kugombea kisahani mchezo unapoanzishwa si kazi anayoiweza sana. Hasira zake zilimfungia nje mechi nane mwaka 2021, na kabla ya hapo zilisaidia kumwondoa Toronto, timu yake ya kwanza. Na ili kumpata, Calgary ilibidi imtoe mchezaji wake Sean Monahan pamoja na chaguo la raundi ya kwanza (haki ya kumchagua kijana mpya mapema ligi inapogawa wachezaji chipukizi) kwenda timu ya Montreal, ili nafasi ipatikane kwenye mfuko. Gharama hiyo iliniuma na bado inaniuma. Mwaka wa mwisho atakuwa na miaka 38, sitajidai kwamba atakuwa huyuhuyu.

Wapo wanaodhani tunamtetea kwa sababu ni Mwislamu, na alilipeleka Kombe la Stanley msikitini London, Ontario, mji aliozaliwa. Siku ile nililia, sifichi. Nilikuwa nimesoma matusi ya kibaguzi na vitisho alivyotumiwa wakati wa mtoano wa mwaka huohuo wa 2022 dhidi ya St. Louis, halafu mechi iliyofuata akawafunga mabao matatu. Ila mapenzi hayo hayaingii kwenye asilimia nilizoziweka hapo juu.

Msimu wa 2024-25 Calgary ilimaliza na pointi 96 kwenye msimamo wa ligi, sawa na St. Louis, ikakosa mtoano kwa kanuni ya kutenganisha waliolingana. Timu iliyo karibu kiasi hicho haimtoi mfungaji wake bora kwa ahadi ya kijana ambaye hajacheza hata mechi moja. Kiangazi kile, kama ingekuja timu na senta (mchezaji wa katikati) kijana aliyeshathibitika NHL, ningesikiliza. Wangekuja na chaguo la raundi ya pili, ningetaka wafungiwe mlango, na Kadri aendelee kupewa dakika zake za kwanza timu inapokuwa na mtu wa ziada kwa sababu mpinzani ametolewa kwa adhabu.