Maji chini ya barafu: yanaitelezesha au yanaituliza?

Bamvua likijaa kupita kiasi, barazani Mji wa Kale, Mombasa, hakosekani wa kusema: barafu ya Greenland hiyo, inayeyuka. Kweli inayeyuka. Wanaobishana ni wanasayansi, nao hubishana juu ya jingine: maji yakishafika chini ya barafu, hufanya nini?

Na hufika kwa kishindo. Mwaka 2006 ziwa lililotuama juu ya barafu ya Greenland lilikauka kwa takriban saa moja na nusu. Barafu ilipasuka, maji yakashuka karibu kilomita moja hadi mwambani, mengi kwa sekunde kuliko yale ya maporomoko ya Niagara.

Mwaka 2002, mtafiti wa barafu Jay Zwally na wenzake walionyesha kuwa barafu huongeza mwendo msimu wa kuyeyuka. Shinikizo la maji huiinua kidogo, msuguano ukapungua, ikateleza kuelekea pwani. Hapo ndipo hofu ilipoanzia: joto zaidi, mwendo zaidi.

Wa upande wa pili wanasema maji hujichimbia njia. Yakipita mfululizo, joto la msuguano wake huyeyusha kuta, mfereji hupanuka, shinikizo hushuka na barafu hukaa tena juu ya mwamba. Mwaka 2010 mtafiti mwingine, Christian Schoof, alieleza kwamba kinachoisukuma zaidi si wingi wa maji bali ughafla wake. Sisi wa Mombasa hilo hatuhitaji kufunzwa: manyunyu ya kutwa mitaro huyamudu, ila mvua ya nusu saa mwezi wa Mei huifanya barabara mto. (Wa barafu hujipanua wenyewe, wetu hungoja kuzibuliwa.) Kisha utafiti wa 2015 ukaonyesha sehemu ya kusini-magharibi ya Greenland imepunguza mwendo, ingawa kuyeyuka kumezidi.

Hoja hii ya pili naikubali, lakini inahusu barafu inayoishia nchi kavu. Inayoishia baharini ina balaa lake: maji matamu yakitoka chini yake ni mepesi, hupanda kwa nguvu yakivuta maji ya bahari yenye joto, yakaila barafu usoni. Hapo mfereji mzuri ndio unaodhuru.

Tena umbali hautuokoi. Uzito wa barafu ile huivuta bahari upande wake kwa nguvu ya mvutano. Ukipungua, bahari iliyo jirani na Greenland hushuka, na sehemu za tropiki, pwani yetu ikiwemo, hupandishiwa maji kupita wastani wa dunia.